Dari ya Kiwanda cha Mikate

Mpendwa Baba Tabitha,

Nilikuja kukuzika. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu siku zote ulikuwa mtu wa kuuliza nani amefika na nani hakufika. Nilipanda basi Kampala asubuhi, nikavuka Busia, nikafika kwenu Vihiga kabla hawajakutoa ndani. Mke wako alinipokea vizuri. Alinipa kiti mstari wa pili, nyuma ya watoto wake, na kikombe cha chai ya maziwa. Tabitha aliacha nafasi yake ya mbele akaja kukaa nami.

Mchungaji alisema ulikuwa fundi wa rangi, mtu mpole, mpenda kanisa. Ndugu yako akasema uliwahi kufanya kazi Uganda kidogo, halafu ukarudi nyumbani. Kisha akauliza kama watu wa Kampala wana neno, na vichwa vyote vikanigeukia. Nilisimama nikawashukuru kwa chakula, nikaketi. Jioni Tabitha akaniuliza, "Mama, miaka yote ile, ni hayo tu?"

Ndiyo maana naandika. Mengi ya haya unayajua, lakini Tabitha atayasoma, na yeye alikuwa mdogo mno. Kwa hiyo usikasirike nikieleza hata yale uliyoyafanya kwa mikono yako mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa Namuwongo, kule chini karibu na reli. Wewe ulikuwa Mkenya, mimi Msamia wa upande huu wa mpaka, na tulikuwa tumeoana kanisani kwa Kiswahili kwa sababu mchungaji hakujua lugha ya kwenu wala ya kwetu. Ulikuwa unapaka rangi kwa kontrakta mmoja Mhindi. Serikali ya wanajeshi ilipowaamuru Wahindi waondoke nchini, bosi wako aliuza alivyoweza kuuza, na vilivyobaki akawaambia wafanyakazi wachukue. Wengine waligombania viti na baiskeli. Wewe uliomba kompresa.

Uliileta kwa mkokoteni mchana kweupe, na majirani wakatoka nje kuangalia. Ilikuwa na magurudumu mawili, mota ya petroli, tangi la upepo lenye kutu tumboni, na mpira mrefu uliouzungusha shingoni kama nyoka. Mama wa jirani alifikiri umeleta mashine ya kusaga. Akaniuliza, "Itasaga nini?" Wewe ukamjibu mwenyewe, "Itasaga upepo." Ulicheka sana siku hiyo. Kile chombo cha mkononi kinachotoa rangi, mafundi wenzako walikiita bunduki. Ulituita mimi na watoto ndani, ukatuambia kwa sauti ya chini kwamba kuanzia leo kinaitwa pampu, na asitokee mtu wa kusema lile jina lingine barabarani.

Tulianza na nyumba. Nyumba nyingi mjini zilikuwa zimepata wenyewe wapya, na wenyewe wapya walitaka kuta zisinuke watu wa zamani. Tulikwenda Lubaga kwa walimu na makarani, chumba hadi chumba, mtu mmoja akimwambia mwingine. Kwa brashi ungemaliza nyumba kwa wiki nzima. Kwa mashine ulimaliza kwa siku moja, na ukuta ukatoka laini kama kikombe. Watu walipenda kuupitishia vidole.

Lakini upepo ule hauchagui. Rangi iliruka ikaenda kwenye vioo, kwenye vitasa, kwenye picha ya Bikira Maria ya mwalimu mmoja ambaye hakutusamehe. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilipika uji mzito wa muhogo, nikagandisha magazeti juu ya madirisha na milango yote kabla hujawasha mota, na baadaye nikabandua kwa maji ya moto. Rangi ilipokuwa na vidonge niliichuja kwa soksi zangu ndefu za nailoni, zile za Jumapili. Ulisema nitakwenda kanisani miguu mitupu. Nikakwenda, na hakuna aliyeniangalia miguu.

Watatu wetu tulitosha: wewe kwenye pampu, mimi kwenye magazeti, na Kizito kwenye ndoo na ngazi. Yule Muganda alikuwa mtu mzima kuliko sisi, aliwahi kujenga misikiti na makanisa, na hakupenda haraka. Ukimharakisha alikuita bwana kwa lugha yao: "Ssebo, nyumba haikimbii."

Mimi ndiye niliyetaka tuache nyumba. Ulilijua hilo, na katika maisha yako yote baadaye hukunitupia usoni hata mara moja. Nilikuwa nimechoka kuhamisha vitanda vya watu. Niliona maghala yale ya karibu na reli, kuta ndefu zisizo na picha wala pazia, nikafikiri: hapa mtu anafunika madirisha mawili tu na kupuliza tangu asubuhi mpaka jua linazama.

Nilikuambia tukiwa tunakula. Ulitafuna kwanza, halafu ukasema, "Nyumba ina mwenyewe. Ukimaliza, anakuja, anaangalia, anakwambia asante au anakutukana. Kiwanda siku hizi kina mwenyewe gani?"

"Kina aliyepewa."

"Leo amepewa huyu. Kesho?"

"Kesho na yeye atataka rangi," nikasema.

Ulicheka. Sikuwa nimefanya mzaha.

Mlango ulifunguka Luzira. Kapteni mmoja kutoka kaskazini alikuwa amepata nyumba nzuri kando ya ziwa, na mkewe, Mama Zubeda, alituita tupake ndani. Alikuwa mwanamke mrefu, Mwislamu, mcheshi, mwenye Kiswahili cha kambini tangu utotoni. Tulipomaliza chumba cha kwanza alivua viatu mlangoni ili asikichafue, akazunguka peke yake akigusa kuta. Aliniita jikoni tukanywa chai, akaniuliza nina watoto wangapi, na kwa nini mikono yangu inanuka muhogo. Siku ya mwisho alisema, "Mama Tabitha, bwana yangu wamempa kiwanda ya mikate. Dari yake mbaya sana. Nyinyi naweza?"

Wewe ulikuwa mlangoni umeshika mpira. Ulifungua mdomo kusema kitu. Mimi nikasema, "Tunaweza."

Kiwanda kile Tabitha hawezi kukijua, kilishavunjwa. Kilikuwa ukumbi mrefu wenye tanuri upande mmoja na meza za kukandia unga katikati. Dari yake ilikuwa juu sana, na rangi ya zamani ilikuwa imejikunja kama maganda ya vitunguu. Kapteni alitaka yote ikwanguliwe na ipulizwe nyeupe, na mikate isisimame, kwa kuwa mikate ile ilikwenda kambini. Ulifunga jukwaa la miti, mkaanza kukwangua wewe na Kizito, huku waokaji wakifunika unga kwa magunia chini yenu. Mlikuwa mmemaliza nusu ya kukwangua na mmeanza kupuliza pembeni. Ulirudi nyumbani kila jioni unanuka mkate na thina ya kuzimulia rangi, na kwa mara ya kwanza nikakusikia ukisema "ukumbi wangu".

Siku walipokuja kumchukua Kapteni mimi sikuwapo. Nilikuwa nyumbani nachemsha uji wa muhogo. Haya ninayojua ni yale uliyoniambia, na yale Kizito aliyoongeza.

Magari mawili yaliingia uani wakati wa mchana. Wanajeshi walimtoa Kapteni ofisini bila kofia, wakampakia. Halafu wakaingia ukumbini wakauliza nani watu wake. Waokaji wakaangalia chini. Mmoja wa wanajeshi akakuona juu ya jukwaa, akakuamuru ushuke.

"Wewe, mtu ya Kapteni?"

"Mimi napaka rangi, afande."

"Nani alikuleta?"

Hukuwa na jibu isipokuwa lile la kweli. Ukasema, "Kapteni."

"Basi panda gari."

Ukaenda. Kizito alisema ulitembea vizuri, kama mtu anayekwenda kuchota maji. Ulikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, kwa sababu ulikuwa ukipuliza juu ya kichwa chako asubuhi nzima, na rangi ilikuwa bado mbichi. Ulipoweka mguu garini, yule aliyekaa ndani akapiga kelele. "Toa hiyo kitu! Ona yeye, nyeupe kama mzimu! Atachafua viti!" Wakabishana kidogo. Kisha yule wa kwanza akakusukuma kwa kiwiko, magari yakaondoka, na wewe ukabaki umesimama uani.

Ulikuja nyumbani kwa miguu ukifuata reli. Watu walikupisha njia. Nilikukalisha kwenye beseni nyuma ya nyumba, nikakusugua kwa mafuta ya taa. Rangi ilikuwa imeshaanza kukauka masikioni. Nilisugua mpaka nikafika mikononi. Ndipo ukasema, "Tunakwenda nyumbani."

"Lini?"

"Kesho. Basi la kwanza."

Nikakuuliza mashine iko wapi. Ulinitazama kana kwamba nimekuuliza habari za mwezi. Mashine ilikuwa kule ndani, na mpira na jukwaa na rangi yote, na kufikia hapo kila kilichomo ndani ya geti lile kilikuwa mali ya nani, hakuna aliyejua.

Sikulia na wewe hukupiga kelele. Watu wakisimulia mambo ya miaka ile husimulia kana kwamba kila neno lilisemwa kwa machozi. Sisi tulipatana kama wanaopatana safari ya sokoni. Wewe uende na watoto, kwa sababu ulikuwa umeshaitwa mtu wa Kapteni. Mimi nibaki wiki moja, nitafute namna ya kuitoa mashine, nifuate. Bila mashine ungerudi kuwa fundi rangi wa mtu mwingine, na huko kwenu hakukuwa na mtu mwingine. Asubuhi nilimfunga Tabitha leso kichwani. Mdogo wake alikuwa amelala begani kwako. Ulisema, "Wiki moja." Nikasema, "Wiki moja." Basi likaondoka.

Nilikwenda kiwandani siku ya tatu. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikaingia na wanawake waliokuwa wakipanga foleni ya mikate iliyobaki, halafu nikatoka kwenye foleni nikamwambia askari wa getini kwamba nataka kuonana na mkubwa. Mkubwa mpya alikuwa sajenti. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kapteni, mbele yake mkate uliokatwa katikati.

"Mama, nataka nini hapa?"

"Nataka mashine yangu, afande."

"Mashine ya hapa yote ni ya serikali."

"Zile za mikate, ndiyo. Ile yenye magurudumu si ya mikate."

"Bwana yako wapi?"

"Amepeleka watoto kwa nyanya yao."

Nilijiambia nisiangalie mlango, na sikuangalia. Nikaangalia mkate. Ndani ya ule mkate, katikati ya weupe wake, kulikuwa na ganda la rangi kubwa kama kucha ya dole gumba.

Aliona nimeliona. Akausukuma mkate kando, halafu akaurudisha. Aliposema tena sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Hii imetoka kambini. Mkubwa wa kule ameipata ndani ya mdomo. Amenirudishia, anasema nataka kumuua." Alikuwa mtu wa umri wetu, Baba Tabitha. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, na nilielewa kwamba ndani ya chumba kile tulikuwa watu wawili tunaoogopa.

Nikamweleza mambo yalivyokuwa. Nusu ya dari imekwanguliwa, nusu bado inaning'inia, na joto la tanuri litaendelea kuiangusha hadi imalizike yote ndani ya unga. Akiichukua mashine atakuwa na mashine asiyojua kuiendesha na dari inayoanguka. Akiniachia, nitamaliza dari, kisha nitoke na vyangu.

"Wewe?" akasema. "Mwanamke?"

"Nina fundi mwenzangu."

Hapo ndipo nilipokwenda kumtafuta Kizito. Alikuwa kwake, anapanda ndizi, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha jembe. "Nnyabo," akaniita bibi kwa lugha yao, "wewe umewahi kushika pampu hiyo?" Nikamwambia nimepuliza ukuta wa choo kule Lubaga wakati wewe unakula. Akakung'uta jembe. "Choo," akasema, akashangaa kwa Kiganda. "Banange." Lakini alikuja.

Nilipuliza dari ile. Sijawahi kukueleza namna ilivyokuwa kwa sababu hukuniuliza. Siku ya kwanza nilisimama karibu mno na nikakaa mahali pamoja mno, na rangi ikaanza kuteremka kwa machozi marefu. Sajenti alikuwa chini na bunduki yake, ile ya kweli. Akanyanyua kichwa. "Mama, dari inalia."

"Itanyamaza, afande."

Kizito aliifuta kwa kitambaa, akaniambia, "Pitisha mkono, usisimame, kama unapanguza mtoto mgongo." Nikapitisha mkono. Kufikia siku ya pili niliacha kufikiri juu ya mkono. Nilijifunga leso mdomoni, nikashuka kunywa maziwa kila kifua kilipokaza kama ulivyokuwa ukifanya wewe, nikapanda tena. Mpira uliziba mara nyingi. "Mama Tabitha, mpila umekufa tena," Kizito aliita kutoka chini, na mimi nikazima, nikafungua, nikasafisha ncha kwa sindano ya kushonea. Waokaji walituletea mikate ya moto. Tulikula tukiwa tumekaa juu ya jukwaa na miguu ikining'inia, na katika siku zile zote za woga, saa zile za kula mkate juu kule zilikuwa nzuri. Ni kweli, kwa hiyo naiandika.

Mama Zubeda alikuja Namuwongo siku moja jioni kabla jua halijazama. Alikuja kwa miguu, shela kichwani, bila gari wala mtumishi. Sikuwa nimemtarajia, na nilikuwa bado na rangi. Hakutaka kukaa.

"Mama Tabitha, wewe uko ndani ya kiwanda kila siku. Hakuna mtu anasema kitu?"

Nilikuwa nimeuliza. Nilimuuliza mwokaji mmoja mzee kwa sauti ndogo, na yeye akaendelea kukanda unga kama sikuwapo. Nikamwambia Mama Zubeda hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Aliitikia kwa kichwa. Halafu akanyoosha mkono, akatoa tone la rangi kwenye nywele zangu kwa ukucha. "Unanuka kama nyumba yangu mpya," akasema, akaondoka. Baada ya muda alikwenda kwao Arua na watoto. Miaka mingi baadaye nilikutana sokoni na binamu yake. Kapteni hakurudi, wala hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Ulikuwa ukiniuliza habari hizo katika kila salamu uliyotuma, na hilo ndilo jibu. Nilikuwa naliacha liningoje mdomoni kila mwaka.

Tulipomaliza, sajenti alizunguka ukumbi mzima akitazama juu mpaka akakanyaga ndoo. Nilisubiri aseme mashine inabaki. Akasema kwa askari wake, "Fungua geti, huyu fundi wetu," na alipoona nimeanza kuvuta kompresa mwenyewe akamwita askari mwingine anisaidie mpaka barabarani. Pale getini akaongeza, "Mama, kuna ghala ya sukari huko nyuma. Dari yake pia mbaya."

Wiki moja ilikuwa imeshapita.

Ulituma salamu kwa utingo wa basi la Busia. Yule kijana alisimama mlangoni akazisoma kichwani mwake kama mtu wa redio: watoto wazima, mama yako mzima, mashine iache ilipo, njoo. Nikamjibu kwamba mashine ninayo. Akauliza, "Basi unakuja?" Nikasema nina ghala moja la kumaliza. Hiyo ndiyo salamu uliyoipata, na najua ilikufikia kama ilivyo, kwa maana kijana yule alikuwa mwaminifu.

Baada ya ghala la sukari likaja la pamba. Baada ya pamba, jengo la sinema lililokuwa limepewa mtu mwingine, na karakana ya magari, na mabweni ya shule moja ya masista. Wenyewe walibadilika. Mara nyingine aliyetuita hakuwa yule aliyetupokea kazi ikiisha. Ulisema kweli, viwanda havikuwa na wenyewe, na mimi nilisema kweli, kila mpya alitaka rangi. Rangi yenyewe ilipoadimika, maana ilikuwa ikitoka kwenu na treni zilikuwa zikija tupu, Kizito akakumbuka namna ya zamani ya chokaa, chumvi na mafuta ya ng'ombe. Tuliichuja mara mbili tukaipuliza kwa mashine ile ile. Nikaajiri wanawake wawili wa magazeti na uji, kisha wanaume wa jukwaa. Petroli ilipokosekana tulikaa. Ilipopatikana tulifanya kazi. Sikutajirika. Lakini ukipita barabara ya Port Bell miaka ile, majengo mengi uliyoyaona meupe yalikuwa meupe kwa mkono wangu.

Kila Krismasi nilikuja Vihiga. Nilikuwa nakuja na sukari nikiipata, na nguo za watoto. Tabitha alikuwa ananiamkia kwanza kama mgeni, halafu baada ya siku mbili ananikalia mapajani, halafu naondoka. Sitaki kusema ilikuwa rahisi. Sitaki pia kusema ilikuwa kitu ambacho kiliamuliwa siku fulani. Kila mara kulikuwa na ukuta mmoja ambao haujaisha. Mama yako aliniuliza mbele ya watu kama nina mwanamume Kampala. Nilimjibu kwamba nina Kizito na wanawake wawili wa uji. Wewe peke yako ndiye uliyecheka.

Halafu ukaja. Ilikuwa karibu na mwisho wa utawala ule, ingawa wakati huo hatukujua kwamba ni mwisho. Tulikuwa tunapuliza ghala la kahawa kule Luzira, ukuta wa nje unaotazama ziwa, ukuta mkubwa kuliko wote niliowahi kupewa. Nilikuwa juu. Kizito akaita, "Nnyabo, kuna mgeni." Nikaangalia chini, nikaona kofia yako.

Nilishuka nikavua leso mdomoni. Ulikuwa umenenepa kidogo.

"Ulisema wiki moja," ukasema.

"Nilisema."

"Mbona hukuja kukaa?"

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi ya nani?"

"Yetu," nikasema. "Mashine ni yako."

Ulitazama wafanyakazi, jukwaa, mapipa, ukuta. Ulivua koti ukampa Kizito, ukachukua pampu mkononi mwangu, ukapanda. Mimi nikabaki chini kwenye ndoo, nikakuchujia rangi. Wafanyakazi wapya hawakukujua, wakauliza mzee huyu ni nani, na Kizito akawaambia, "Ndiye mwenye upepo."

Ulipuliza mchana mzima. Mara moja lori la jeshi lilisimama barabarani, dereva akashuka kuangalia gurudumu. Nilikuona juu pale umesimama na mkono hewani, pampu imezimwa, mpaka lori likaondoka. Ulianza tena, lakini haikuwa kama mwanzo. Ulipuliza kwa pupa, kama mtu anayetaka kumaliza aende.

Uliposhuka uliisafisha pampu mwenyewe kwa mafuta ya taa, kipande kwa kipande, ukavipanga juu ya gunia. Bila kuniangalia ukasema, "Mama Tabitha, mimi siwezi kuishi hapa. Gari lolote likisimama nadhani limenijia mimi."

"Najua."

"Na wewe huwezi kuishi kule."

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu ulistahili nifikiri. "Siwezi," nikasema.

Ukaniuliza kama utakapooa nitakuja kugombana. Nikakuambia sitakuja kugombana, nitakuja Krismasi. Tukacheka wote wawili, na Kizito akageukia ziwa. Nikakusindikiza mpaka kituo cha basi, tukazungumza habari za ada ya shule na meno ya Tabitha.

Kesho yake asubuhi jua lilipopiga ukuta, sehemu uliyopuliza ilionekana. Nusu ya mwanzo ilikuwa safi kuliko yoyote niliyowahi kufanya. Ile ya baada ya lori ilikuwa nyembamba, na saruji ilikuwa ikichungulia. Kizito alikuwa ameshachanganya ndoo. Akaniuliza, "Tuludie?"

Mimi sikuwahi kuacha ukuta mwembamba kwa mteja, kabla ya siku ile wala baada yake. Nikamwambia asirudie, tuendelee mbele. Nikahamisha jukwaa.

Ghala lile limepakwa na watu wengine mara nyingi tangu hapo, na sasa lina rangi ya manjano na tangazo la simu. Mashine nilimuuzia fundi mmoja wa Mukono magoti yaliponikatalia ngazi. Kizito alitangulia zamani. Mimi naamka, nanywa chai, nachomeka redio. Nikikufikiria sikufikirii kwa huzuni kubwa, nakwambia kweli. Nakufikiria kama mtu niliyefanya naye kazi vizuri kwa miaka michache, na ambaye nilimwona akifanya jambo gumu akiwa anaogopa, mchana, mbele yangu.

Lala salama huko Vihiga, Baba Tabitha. Mke wako ni mtu mwema, na chai yake ilikuwa na maziwa ya kutosha.

Ni mimi,
Mama Tabitha